Abiria wa Kajaga

Nikipita karibu na gereji yoyote na harufu ya grisi iliyopigwa jua ikanifikia, namkumbuka baba akigonga kioo cha gari langu. Msishangae, nilikuwa na gari nikiwa na miaka saba. Zamani lilikuwa jeupe. Halikuwa na injini wala magurudumu, limeketi juu ya matofali mbele ya gereji ya baba huko Buyenzi. Viti vilichanika na kuchoma mapaja, lakini usukani ulizunguka, na kwangu hilo lilitosha.

Kila siku baada ya swala ya alasiri baba alikuwa akiacha spana zake na kuja kuomba lifti kwa adabu zote. Kabla ya kuketi alitandika kitambaa, kama alivyofanya kwenye magari ya wateja, asije akachafua kiti ambacho panya walishakimaliza. Kisha, gari likiwa palepale juu ya matofali, tulikwenda Kajaga, kule ufukweni. Yeye ndiye aliyeona viboko ziwani, yeye ndiye aliyenionya kuhusu kona. Mama alinung'unika kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba kuna sufuria zinanisubiri.

Nilipofika darasa la sita, wasichana wawili tuliosoma pamoja walikuja kuazima daftari, wakanikuta nimeshika usukani. Nikawaambia nimejikalia kivulini tu. Hapo hapo baba akagonga kioo, kitambaa mkononi.

"Shoferi, iko nafasi? Mi naenda Kajaga."

Wale wasichana waliangua kicheko. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

"Baba, achaka. Iyi ni chuma tu, aiendi fasi yoyote."

Alinitazama kidogo, akakunja kitambaa chake. "Sawa, mama. Umekuwa mukubwa."

Akarudi kazini. Wiki iliyofuata alilikata gari lile vipande vipande, nami nikajiona nimekua kweli.

Miaka mingi baadaye, tukiwa matangani kwake, shangazi alinisimulia kwamba baba alitiwa kazi ya gereji akiwa na miaka minane, babu alipofariki, na tangu hapo hakuna aliyemwona akicheza tena. Nililia kuliko siku ya maziko. Muda wote ule nilidhani baba ananibembeleza mimi. Kumbe abiria yule alikuwa mtoto mwenzangu, nami nilimshusha njiani.