Mtamba Mwenye Masizi Kwenye Simu

Ukifika Karatu mjini ukaulizia fundi wa rangi, utaoneshwa watu wawili: babu mmoja anayepaka nyumba, na Laurencia Tluway, ambaye hajawahi kushika brashi. Mchana Laurencia anachapisha kadi za harusi kwenye kibanda karibu na stendi. Jioni anakaa dirishani nyumbani kwao na kompyuta yake, akitengeneza aplikesheni ya kutafuta mifugo iliyopotea. Mfugaji anachagua rangi ya ng'ombe wake, simu inamchora, picha inawafikia wenzake wote, kuanzia Ngorongoro hadi Baray. Maandishi hakuna. Laurencia alisema ng'ombe hasomwi, anaangaliwa.

Na ng'ombe wa kwenye picha alikuwa mzuri kweli. Rangi ilikolea mgongoni, ikafifia taratibu kuelekea tumboni mpaka ikaisha kabisa, ukaona nyasi za kijani zilizochorwa nyuma yake. Laurencia alijivunia kufifia kule kuliko cheti chake cha chuo.

Alhamisi asubuhi akapigiwa simu na Mzee Moloimet, mfugaji wa huko juu Ngorongoro. Mtamba wake, Naibor, alikuwa amepotea tangu Jumanne, kundi lilipokuwa linashushwa mnadani Karatu. Na Jumamosi alitakiwa apelekwe kwa wakwe wa mwanawe, Benson. Ahadi ilishatolewa mbele ya watu, kwa hiyo kwenda mikono mitupu ingekuwa aibu ya ukoo mzima. Sasa kila aliyepata picha ile alikuwa anamletea ng'ombe wa kijivu. Walishafika watatu, na punda mmoja.

"Binti, mimi nilichagua nyeupe," alisema mzee. "Nani amempaka mtamba wangu masizi ya chungu?"

Laurencia akaangalia. Kweli bwana. Mgongo ulikuwa mweupe, lakini ubavu mzima ulikuwa umeingia ukijivu mchafu, kana kwamba mnyama alilala jikoni. Kwa ng'ombe wekundu na weusi kasoro hiyo haikuwahi kuonekana. Akaahidi kurekebisha kabla ya Jumamosi.

Alianza kwa kufuta kioo cha simu na kanga, kwa sababu vumbi la Karatu lina tabia ya kuingia mahali ambapo hata hewa haiingii. Masizi yakabaki. Akageuza rangi ififie kutoka kichwani kwenda mkiani, ng'ombe akawa na uso msafi na makalio ya fundi gereji. Akaongeza rangi za katikati, akapata pundamilia.

Muda wote huo, nje ya dirisha, alikuwa amefungwa mtamba mgeni. Aliingia mwenyewe Jumanne jioni kwenye mabua ya mama yake Laurencia, Mama Selestina, akahifadhiwa mpaka mwenyewe ajitokeze. Mama ni mtu mwaminifu. Kila asubuhi alichukua simu, akalinganisha picha na mgeni wake, akatikisa kichwa.

"Huyu wa kwenye simu mchafu," alisema. "Wetu msafi kama kitambaa cha altare."

"Ndiyo, mama," alijibu Laurencia bila kuinua macho. Mtamba akaramba kioo cha dirisha, kisha akaanza kula pindo la ile kanga iliyokuwa inaning'inia nje. Laurencia akavuta, mtamba akavuta, na macho ya Laurencia hayakutoka kwenye skrini.

Ijumaa jioni Mzee Moloimet akapiga tena, sauti imepoa. Laurencia, aliyekwisha kukata tamaa, akamweleza kila kitu: rangi inaanza nyeupe mgongoni, inapungua, inaishia kwenye hakuna.

"Hiyo hakuna ina rangi gani?" mzee akauliza.

Laurencia akacheka kidogo, kwa heshima, akamwambia kitu kisichoonekana hakina rangi.

"Naibor haonekani tangu Jumanne. Ana rangi gani?"

Kwa wafugaji, ng'ombe akipotea hilo ndilo swali la kwanza kabisa, na hakuna anayejibu kwamba hana rangi kwa vile haonekani. Laurencia akafungua programu yake. Ile hakuna aliyoiweka tumboni, ambayo kompyuta huiita "wazi", huandikwa kwa sifuri nne. Ya mwisho inasema rangi isionekane. Tatu za mwanzo ndizo rangi yenyewe: nyekundu sifuri, kijani sifuri, buluu sifuri. Hiyo ni nyeusi! Nyeupe yake ilikuwa inasafiri kwenda kwa nyeusi iliyojificha, na njiani lazima ipite kwenye kijivu. Akabadilisha mwisho wa safari uwe nyeupe isiyoonekana. Ng'ombe akatakata papo hapo.

Akairusha picha mpya. Simu ya Mama Selestina ikalia jikoni. Mama akatoka na mwiko mkononi, akaangalia simu, akaangalia dirishani, akaangalia simu tena.

"Laurencia, si ndiye huyu anayekula kanga yako?"

Laurencia akainua macho kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Alfajiri Mzee Moloimet na Benson walifika kumchukua Naibor, na mchana mtamba alikuwa kwa wakwe, pindo la kanga bado mdomoni. Mzee hakulalamika hata kidogo. Aliomba jambo moja tu, kwamba Laurencia achore na punda, maana yule waliyemletea hajapata mwenyewe mpaka leo, na anakula sana.