Pak Kasmuri na Msamaha wa Faini

Mtaani kwao, pale Purworejo, hakuna asiyejua kwamba Bwana Kasmuri, au Pak Kasmuri kama wanavyomwita, halipi ushuru wa barabara kwa wakati. Si umaskini. Duka la saruji na mabati analo, na tumbo la mtu anayelala mchana analo pia. Basi tu, alijiona mjanja. Serikali, alisema, kila baada ya miaka michache hulainika na kutangaza msamaha wa faini, wazembe wote wakasafishika. Sasa anayelipa mapema ni nani kama si bwege?

Bwege wake wa kila siku alikuwa jirani yake, Pak Wignyo, mwalimu mstaafu, aliyemuuzia gari la kijani analoendesha. Kasmuri hakukosa kumchokoza kwenye kibanda cha kahawa. "Mwalimu, umeshalipa tena? Serikali imekupa hata peremende?" Watu wakicheka, Wignyo anakoroga kahawa yake.

Kuandikisha gari kwa jina lake, hilo nalo Kasmuri alilikwepa. Ubahili mtupu! Likabaki na jina la mwalimu. Zile tarakimu za chini ya kibao cha namba, zinazomwonyesha polisi mwezi na mwaka kibali cha gari kinapokwisha, akazipaka tope. Hata kiangazi gari zima linang'aa, tope liko pale tu.

Mwanawe, Galih, akapata mchumba Magelang. Kasmuri akampigia simu baba wa binti, ambaye hawajaonana, akajinaki: "Jumapili mtanijua tu. Nitakuwa kwenye usukani wa gari la mbele." Mkewe, Bu Lasmi, akamsihi akalipe kwanza, maana njia ya Magelang imejaa polisi, na aibu ya siku ya posa haifutiki. Akajibiwa kwamba subira yavuta heri.

Na kweli, wiki ile ile msamaha ukatangazwa. Mngemwona! Alipita mtaani kifua mbele, akaazima kitambulisho cha mwalimu, maana ofisi hudai cha mwenye jina, na mwalimu akampa.

Foleni ilimkausha hadi adhuhuri. Karani akatazama kompyuta, akamwambia gari limefungwa kwenye daftari la ushuru. Mwenye jina aliripoti zamani kwamba ameliuza. Msamaha unafuta faini, haufungui gari. Sharti aliandikishe kwa jina lake mwenyewe, na karatasi zitachukua wiki kadhaa.

Kasmuri alirudi anafoka. Mwalimu akamweleza kwa upole: aliponunua kigari chake kipya, alitozwa zaidi kama mtu mwenye magari mawili, ndipo akalifunga lile la kijani.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, pale kahawani. Ukaniuliza habari za peremende."

Ilikuwa Ijumaa, gari la kijani lisingepita kwa polisi wa njiani, na magari ya kukodi yote yalishachukuliwa na harusi za watu. Bu Lasmi ndiye aliyekwenda kumwomba mwalimu awapeleke kwa kigari chake, mumewe akiwa amejifungia chumbani.

Jumapili msafara ukaingia Magelang, kigari cha mwalimu kikiongoza. Galih alikaa mbele. Nyuma alibanwa Kasmuri, na sinia la wajik, ule wali mtamu wa kunata, magotini. Baba wa binti akatoka mbio, akazunguka hadi upande wa usukani, akamshika Wignyo kwa mikono miwili.

"Karibu sana, mzazi mwenzangu," akasema. Kisha akachungulia nyuma. "Na huyu mzee aliyebeba sinia, mwambieni apitie mlango wa jikoni."