"Sema Degedege, Usiseme Anashtuka"

Mfuniko wa sufuria unagongagonga juu ya uji. Bado giza, na mvua ya Kisondela, mkoani Mbeya, haijaamua kama inaanza au inakatika. Pudensiana anachomoa ukuni mmoja, anafuta mikono kwenye kitenge, anafungua mlango kabla hodi haijapigwa.

Anayeingia ni Vaileth, mchuma chai, na mwanawe Isakwisa wa miaka miwili mgongoni.

"Ana joto?"

"Hana, dada. Mshike mwenyewe."

Pudensiana anamgusa shingoni, anatabasamu, anampokea.

Hiyo ndiyo kazi yake. Huwalea watoto wa wachuma chai tangu alfajiri hadi jioni, kwa shilingi elfu moja kila mtoto kwa siku, au kwa ndizi mwezi ukiwa mgumu. Walikuwa tisa. Wamebaki wanne, kwa sababu ya Isakwisa.

Vaileth alipomleta mara ya kwanza, Pudensiana aliuliza kama mtoto ana ugonjwa wowote. "Huwa anashtuka kidogo," alijibiwa. Akina mama wengi hapa hawataji degedege kwa jina lake. Husema ni ndege anayepita juu ya nyumba, kwani mlezi akilisikia neno degedege hamchukui mtoto.

Wiki ya pili Isakwisa akapata homa. Kwa baridi ya huku, Pudensiana akamvika sweta mbili na blanketi juu. Mchana mtoto akakakamaa, macho yakageuka, mikono ikatikisika.

"Jirani akaniletea kijiko nimtie mdomoni. Mwingine akasema akichomwa sindano atakufa. Nikawaambia, nipisheni," Pudensiana anamsimulia mwandishi aliyeketi karibu na moto.

Fred, kijana wa bodaboda, aliwapeleka zahanati taratibu kwenye matope, kisha akasimama nje akilowa mpaka aliposikia mtoto analia. Hakutaka nauli. Na yule jirani wa kijiko ndiye aliyebaki na watoto wengine hadi jioni.

Tabibu Ezron hakumkaripia Pudensiana kwa zile sweta. Alimweleza kwamba homa inaweza kuleta degedege kwa watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, na kwamba aliyewahi kulipata anaweza kulipata tena, hasa kama lilianza akiwa mchanga au lipo kwenye ukoo. Alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, apunguzwe nguo nzito, aletwe zahanati upesi.

Ilikuwa malaria. Isakwisa alipona, lakini habari zilimtangulia nyumbani.

"Ni yeye au ni wetu," akina mama walisema. Aliyepaza sauti zaidi ni Yudith, anayechuma shamba moja na Vaileth. "Ndege ametua kwako, Dada Pude. Utamfuga mpaka lini?"

"Mpaka atage. Nitakuletea mayai."

Watoto watano wakaondolewa, binti wa Yudith akiwamo. Vaileth hana mama wala dada wa kumwachia mwanawe. Isakwisa akirudishwa, kazi ya chai imekwisha.

"Mtoto ameugua, hajaiba," anasema Pudensiana. "Hata wakiondoka wote, huyu anabaki."

Sasa kila anayeleta mtoto anaulizwa mlangoni, kwa sauti: amewahi kupata degedege? Na ndugu zake je? "Sitaki kusikia anashtuka. Nikijua, nitamwangalia. Nisipojua, nitamvika sweta."

Uji haujaisha, hodi inapigwa. Ni Yudith, amembeba binti yake Imakulata. Mlezi waliyemkimbilia amehamia Mbeya mjini.

"Amewahi?" Pudensiana anauliza. Hasogei mlangoni.

Yudith anatazama matope. "Alishtuka mara moja."

"Alifanya nini?"

"Degedege! Mwaka jana. Na kaka yake pia. Haya, umefurahi?"

"Sijafurahi. Mlete, uji unapoa."

Yudith anamkabidhi mtoto, anampandisha soksi iliyoshuka, kisha anamgeukia mwandishi. "Bibi, usiandike jina langu." Anatembea hatua chache kuelekea mashambani, anarudi. "Andika tu. Tuko wengi tunaoficha."

Pudensiana anataka kuongeza chumba cha mabati nyuma ya nyumba. Amesikia kwamba kata za Lufingo na Lupepo kuna watoto waliokataliwa kama Isakwisa, na hao ndio anaowataka kwanza.

"Wanasema sitaweza," anasema, Imakulata akiwa tayari kiunoni. "Uje tena, bibi, msimu wa chai nyingi. Uje uone kama nimeshindwa."