Mama Mkwe na Picha ya Majivu

Enzi za Mjerumani nilikuwa mmoja wa wasomi wachache upande wetu wa Uluguru, na usomi wangu ulionekana hasa katika kukaa ndani. Misheni walinifundisha kusoma na kuchora ramani. Kulima walidhani nimefundishwa nyumbani. Nyumbani walidhani nimefundishwa misheni.

Nilipooa nilihamia kwao mke wangu, kwani kwetu shamba ni la ukoo wa mama. Letu lilikuwa la mwisho kwenye mfereji, chini ya la mama mkwe, na kila nyumba ilisafisha kipande chake. Kiangazi kile maharage ya mke wangu yakaanza kukunja majani. Nikachungulia juu: migomba ya mama mkwe imesimama kwenye dimbwi. Nikasema moyoni, huyu anaziba.

Nitamwambiaje? Mkwe hata usoni hamtazami mama mkwe. Lakini mke wangu alisema maharage yakifa na mbegu ya mwakani imekufa, kwa hiyo nitafute mdomo.

Nikatafuta majivu ya kuchorea chini.

Tulikaa uani watu wanne: mimi, mke wangu, mjomba wake aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na mama mkwe, aliyenipa mgongo kwa heshima zote. Nikaweka sharti: asisemwe mtu, mmoja achore na wengine waseme wanachokiona. Mjomba akasema ameitwa kwenye mambo mengi maishani, ila kutazama majivu ndiyo mara ya kwanza.

Nikauchora mfereji kama ramani ya misheni. Mjomba akaona utumbo wa mbuzi. Nikaeleza kwamba ndivyo unavyoonekana ukiwa juu angani. Akauliza nani alipanda huko. Mke wangu akaanza kucheka puani. Nikajikaza, nikachora migomba, nikachora dimbwi kubwa kupita kiasi, na chini yake vidoti vya maharage yenye kiu.

“Mnaona nini?” nikauliza, sauti tamu kama ya padri.

Mama mkwe akajifunika kanga usoni, akageuka upande, akatazama kwa jicho moja. Akachota majivu. Chini ya dimbwi, kwenye kipande changu, akachora majani, kishungi baada ya kishungi, mpaka mfereji ukapotea. Pembeni akachora nyumba. Ndani ya nyumba, mtu amelala chali, kitabu kifuani. Alichora vizuri kunishinda, hata kidevu kilikuwa changu.

Akamwambia binti yake, kwa sauti ya kusikika mpaka bondeni:

“Mwambie mwenzio sijaziba kitu. Maji yanakwama kwake, yananirudia. Migomba yangu inaoza mizizi, nami nimenyamaza kwa kumstahi mkwe.”

Mjomba alicheka hadi akaomba ashikwe. Mke wangu alimshika, wakaanguka wote. Ile kanga nayo ikawa inatikisika, na mimi, niliyekuwa nimejiandaa kusamehe, nikajikuta nacheka kuliko wote.

Alasiri ile nilishika jembe. Walikuja kunitazama, si kunisaidia. Kishungi cha mwisho kilipong'oka, maji yalinipita kati ya miguu yakakimbilia maharage, na huko juu mama mkwe akapiga kigelegele, mgongo bado umenielekea.

Kesho yake mke wangu alifagia ua wote. Yule mtu wa majivu aliyelala chali, akamzunguka na ufagio, akamwacha.