Sinia Lisilofunikwa

Ijumaa iliyopita, tulipomaliza kuswali, imamu alituambia tusitawanyike, kuna maiti. Alikuwa yule mama wa vitumbua wa hapa Zinga, aliyekuwa na kibaraza chake nyuma ya kiwanda cha kuyeyusha chuma chakavu. Sote tulimwita Shangazi, wenye udugu naye na wasio nao. Makaburini watu walisema siku yake imefika. Nami nasema hivyo hivyo, maana mwisho wa mja uko kwa Mola wake. Lakini kile kifua kilichokuwa kikimkoroma kama chungu cha maharage hakikuharibiwa na Mola. Kimeharibiwa na watu, watu hao wapo, wanakula na kulala, na leo nitawasema bila kuzunguka.

Msomaji usiyeishi huku, nikueleze. Kiwanda chenye moshi hupewa kibali, na kila mwaka sharti kitoe ripoti kwamba moshi wake haujavuka kipimo. Jambo zuri, aliyelifikiria Mungu amlipe. Ila mpimaji analetwa na kiwanda chenyewe, siku iliyopangwa na kiwanda chenyewe. Ni sawa na mshitakiwa ajichagulie kadhi, kisha amwambie aje lini. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini hili sihitaji kusomeshwa, kwani nimelilisha lile tanuri mpaka kifua kikanishinda, wakaniachisha. Mwaka mzima tulichoma oili chafu na matairi yaliyokwisha. Wiki ya kupimwa, meneja alikuja mwenyewe, kakunja mikono ya shati, anatutania: wiki hii dizeli tupu jamani, msiniaibishe mbele ya wageni. Moshi ukawa mwembamba kama wa ubani. Mpimaji akiondoka, matairi yanarudi.

Lakini meneja peke yake asingeweza. Alisaidiwa na mwenyekiti wetu wa mtaa, na mwenyekiti akasaidiwa na desturi yetu. Sisi watu wa pwani, mgeni akitajwa tu, ufagio umeshashikwa. Mwenyekiti alipita nyumba hadi nyumba akisema wageni wa mazingira wanakuja, tusitie aibu. Basi masizi yakafagiliwa uani, vibaraza vikasuguliwa, vyandarua vyeusi vikaanuliwa, hata mchicha bustanini ukaoshwa jani kwa jani. Mtaalamu huyo wa kupima akifika anakuta Zinga inang'aa, anapiga picha zake. Ushahidi wote tumeuzoa wenyewe, kwa adabu, tukaumwaga shimoni. Hiyo ndiyo kazi tuliyomfanyia meneja, tena bure.

Mwaka juzi Shangazi alikataa. Na mjue tunamzungumzia nani: mwanamke ambaye chakula chake hakikuwahi kupigwa na upepo bila kawa juu yake, na ukilifunua kawa hilo hujanawa, utasikia maneno mpaka magharibi. Siku ya mwisho ya matairi alikaanga vitumbua, akavipanga kwenye sinia, akaliweka wazi juu ya paa la banda mpaka jua likatua. Kesho yake wageni wakaja, mwenyekiti mbele. Mtaalamu, kijana mpole tu, alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba mwanangu, karibu kitako. Akamsogezea sinia. Nilikuwa nimekaa pale pale kibarazani. Vitumbua vilikuwa na madoa meusi, ungedhani vimenyunyiziwa pilipili manga.

"Mama, naona vimeingia masizi," kijana akasema.

"Ndivyo tunavyokula, mwanangu. Wewe kula kimoja, sisi tunakula mwaka mzima. Kisha ukaandike vina ladha gani."

Kijana alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akacheka, akasema huyu bibi ana utani, msimjali, akamshika mgeni mkono wakaondoka. Jioni ile mtaa ulichemka, na wala si kwa sababu ya masizi. Ulichemka kwa sababu mgeni amepewa chakula kisichofunikwa, tena cha jana. Kina mama aliokuwa akipika nao shughulini walimwambia ameivua nguo Zinga. Wengine waliacha kununua kwake. Mwenyekiti akamwita aombe radhi. Shangazi aliomba radhi kwa vitumbua kuwa vya jana. Kuhusu masizi, alisema, ataomba mwenye nayo. Na ripoti ilipokuja kusomwa mkutanoni, tulisikia kwamba mazingira ni safi na majirani hawana malalamiko.

Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali. Alikuwa amekalishwa, kaegemezwa mito, kwani akilala pumzi haiji. Aliniuliza jambo moja tu, kwa vipande vipande.

"Hivi yule kijana... aliandika?"

Nikamwambia hakuandika. Akageukia ukutani.

Sasa sikilizeni la msibani. Kiwanda kilileta mchele na mafuta, na habari ikaja kwamba meneja atafika kutoa pole. Mwenyekiti akawageukia kina mama waliokuwa wakilia, akawaambia wafagie ua kwanza. Wakafuta machozi, wakafagia. Masizi yaliyomuua marehemu wakayatoa mbele ya macho ya aliyeyaleta, asije akachafua viatu. Nilishikwa na hasira, wali wa mchele ule sikuugusa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku kwetu mgeni anakuja, mwenyeji anafagia, na hakuna anayepona. Meneja ana lake la kujibu, mwenyekiti ana lake, na yule kijana aliyeona akanyamaza ana lake zaidi. La kwetu ni hili la ufagio. Mwaka huu wakija kupima, wapokeeni vizuri, waamkieni, watandikieni mkeka ule ule mnaoukalia siku zote, ulivyo. Masizi yaacheni yalipoangukia. Mimi kwangu sinia litakuwa mezani, na kawa nimeshalitundika ukutani.