Noti Tisa Zilizoleta Turubai

Niliondoka Sekei asubuhi bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa na begi la nguo, tromboni, ile tarumbeta ndefu ya kuvuta, mgongoni, na hasira iliyonifikisha barabara ya Nairobi kabla sijaamua nigeukie wapi.

Nimehama sana maishani. Niliacha shule kidato cha pili kwa sababu nilitaka kujua mambo mengine upesi: kutengeneza redio, kuchoma matofali, kusoma noti za muziki. Noti nilifundishwa katika kikundi cha matarumbeta cha usharika mmoja wa mlimani, na mkulima wa kahawa aliyekuja mazoezini na tope la shamba miguuni. Nimefukuzwa vyumba vingi. Lakini kufukuzwa kwa kumuua mtu aliye hai, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mjini kuna okestra ndogo inayokutana Jumamosi kupiga muziki wa zamani wa Ulaya, ule mrefu usio na maneno. Baada ya kuwabembeleza kwa miaka, walinipa kiti cha tromboni ya pili kwa onyesho la mwisho wa mwezi. Kazi yangu ni kukaa kimya nikihesabu hatua sitini na mbili za muziki wa wenzangu, kisha kupiga noti tisa, ndefu, nzito, za chini kabisa. Watu wakisikia noti tisa hucheka. Wajaribu wao. Ni kama kushuka kilima na bakuli la maziwa lililojaa pomoni, na mdomo usiofanya mazoezi kila siku hulegea ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo nilipiga kila siku, mchana, chumbani kwangu Sekei, dirisha likiwa limefungwa. Siku ya tatu walikuja wanawake wawili, mmoja na sukari, mwingine na mkungu wa ndizi. Kwa watu wa mlima ule, tarumbeta ikilia polepole siku ya kazi, basi kuna jeneza. Na mume wa mama mwenye nyumba alikuwa kitandani, mgonjwa tangu masika. Haikupita saa, balozi wa nyumba kumi akafika na vijana wenye turubai, akiuliza nguzo zichimbiwe wapi.

Mzee mwenyewe akatokea mlangoni, blanketi begani.

"Nani kafariki?" akauliza.

Vijana wakaanza kukunja turubai.

Mama mwenye nyumba alirudi akakuta uwanja umejaa watu. "Umemzika mume wangu mimi niko sokoni nachagua nyanya!"

"Mama, nilikuwa nafanya mazoezi. Noti tisa tu."

"Noti tisa zimeleta turubai. Ungepiga ya kumi si wangeleta sanduku?"

Watu wakacheka. Mzee naye akacheka mpaka akakohoa. "Mwache kijana," akasema. "Angalau nimewaona waliokuja, na ambao hawakuja."

Mama hakumsikiliza. "Kesho asubuhi utoke. Na utafute kazi, baba. Mtu mzima hapulizi bomba mchana wenzake wakihangaika."

Hapo ndipo aliponichoma. Jirani yake anachomelea mageti, anasaga vyuma kutwa nzima, na hakuna anayemwambia atafute kazi. Kanisani wana kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe, na anayekibonyeza huitwa mwalimu. Chombo changu kina ruhusa moja tu: kumsindikiza maiti. Yule mkulima aliyenifundisha alizika nusu ya mlima kwa pumzi yake. Walimshukuru kwa sahani ya wali. Sikuwahi kuona mtu akikaa kitako kumsikiliza pasipo jeneza mbele yake.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyatafuna njia nzima. Nilifika Ngaramtoni siku ya soko. Niliulizia vyumba, na kila mahali nilisema ukweli. Mwenye duka mmoja alikuwa na chumba kizuri, akauona mfuko wa tromboni. "Hapana ndugu yangu. Nina bibi mzee ndani." Mwingine aliniruhusu kupiga Jumapili peke yake. Nilihesabu siku zilizobaki kabla ya onyesho, nikashika njia ya kupanda Olmotonyi.

Juu huko, karibu na chuo cha misitu, nilimkuta mama mmoja uani akipepeta maharage. Alikuwa na vyumba vya kupangisha wanachuo, nao walikuwa likizo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe mwanachuo? Mbona umekomaa hivyo?"

"Mimi napiga tromboni," nikasema, kwa ukali ambao hakuustahili. "Kila siku, mchana, polepole kama msibani. Hakuna anayekufa. Kama hutaki, niambie sasa kabla sijatua mzigo."

Akaacha kupepeta. "Wanachuo hunifungulia spika mpaka vikombe vinatetemeka. Hebu piga nisikie."

Nikapiga nimesimama, begi likiwa miguuni. Noti ya saba ilikwaruza. Mdomo ulikuwa umekauka kwa safari. Kabla sijamaliza, mwanamke mmoja alikuwa ameshafika kwenye ua, kanga kichwani.

"Jamani, nani tena?"

"Hajafa mtu," mama akajibu, ungo mkononi. "Ni mpangaji wangu. Yuko kazini."

Kisha akanigeukia. "Ile moja karibu na mwisho haikukaa sawa. Ufunguo uko juu ya mlango."