Daktari wa Neva na wa Shingo

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika kliniki moja ya Othaya, daktari kijana alimbonyeza dada yangu chini ya sikio la kushoto na kumuuliza uvimbe ule ulianza lini. Dada alisema mavuno ya kahawa yaliyopita. Daktari alieleza kwamba ni tezi ya mate, na kwamba neva inayoendesha uso hupita katikati yake. Uvimbe ulipaswa kutolewa mapema, bila kuiharibu neva.

"Na ikiharibika?" dada aliuliza.

"Upande mmoja wa uso utalala, mama."

Alitaka kutuandikia barua tumwone mpasuaji wiki hiyo hiyo. Nilimwomba tungoje kidogo. Mimi ni karani wa kiwanda cha kahawa karibu na Gakindu. Shule niliacha kidato cha pili, lakini tangu mama yetu apate kiharusi nimekuwa nikisoma mambo ya tiba kwenye simu, polepole, kwa kamusi. Sikutaka dada akatwe na mtu ambaye sijasoma kazi yake.

Mpasuaji niliyemtaka nilimpata kwenye tovuti inayokusanya makala za watafiti. Alikuwa mtu wa huku kwetu, na orodha yake ilikuwa ndefu: makala za kifafa, za kiharusi, za neva zinazokufa kwa sababu ya kisukari. Kati ya hizo kulikuwa na nyingine za saratani ya koo na uvimbe wa shingo, na mbili za tezi ya mate yenyewe. Nilisoma muhtasari wa kila moja. Niliona mtu anayejua neva na anayejua kisu. Kliniki yake mjini Nyeri ilisema nafasi ya karibu ni baada ya miezi mitatu.

"Profesa wa kahawa," dada alinitania huku akichambua mboga, "huyu wako ameandika mpaka mkono ikachoka. Nguvu ya kunikata atatoa wapi?"

"Ndiyo maana kuna foleni."

"Haya. Mimi niko na uso moja tu. Chagua vizuri."

Tulifanya harambee, watu wa kanisa wakachanga, tukangoja. Mwezi wa pili, chai ilianza kumtoka dada kwenye pembe ya mdomo. Jicho la kushoto likawa halifungi sawasawa. Nilizisoma tena zile makala mbili. Zilisema uso ukianza kulegea ni dalili mbaya. Niliona hiyo ni sababu zaidi ya kumngoja aliyeziandika.

Siku ya miadi tulimkuta mtu mpole mwenye mvi. Alimgonga dada magotini kwa nyundo ndogo, akamwambia afumbe macho, kisha atabasamu. Akaandika. Halafu akauliza ni nani aliyetutuma kwake.

Nilimwonyesha ukurasa kwenye simu. Aliusogeza kwa kidole hadi mwisho.

"Hizi za kifafa ni zangu," alisema. "Za shingo ni za binamu yangu, yule wa Murang'a. Mimi sikati watu, mzee."

"Jina ni moja."

"Si sote tulipewa la guka? Mimi kifungua mimba kwetu, yeye kifungua mimba kwao. Kompyuta itajuaje?"

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la guka, yaani babu yake mzaa baba. Ndugu wanne humwachia baba yao wajukuu wanne wenye jina lake, na majarida hufupisha jina la ubatizo kuwa herufi moja. Nina binamu wawili wanaoitwa kama mimi. Malipo yao ya kahawa huwa nayatenganisha kwa namba ya mkulima. Sikuwahi kufikiri kwamba madaktari nao wana binamu.

Dada alifunga kitambaa chake kichwani taratibu.

"Sasa ni Murang'a leo ama kesho?" aliuliza.

Tulienda kesho yake. Binamu aliagiza dada apigwe picha ya shingo, akaitazama na kusema neva yote imeshaingiliwa. Ataitoa pamoja na uvimbe. Dada alimuuliza kama ataweza kuimba. Akajibiwa kwamba sauti itabaki, ila midomo itakuwa mizito.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Dada anaishi. Upande wa kushoto haujongei, na akilala hufunga jicho kwa plasta. Kwenye kwaya alirudi, anasimama mstari wa nyuma.

Siku ya kutoka nilipewa bili. Mstari mmoja wa shilingi elfu thelathini na mbili ulikuwa umefutwa, wa mashine ya kulinda neva wakati wa kukata. Nilimuuliza mhasibu. Alisema haikutumika, kwa kuwa hakukuwa na neva ya kulinda. Jioni mweka hazina wa harambee alinipigia, akataka kujua kama kuna chochote kilichobaki. Nilimwambia kipo. Shilingi elfu thelathini na mbili.